Nilivyomlaza Bibi Arusi wa Watu Mchangani

Jamani, hili jambo nikilikumbuka hadi leo natamani kujifunika kanga uso mzima, lakini kwa kuwa mashahidi ni wengi (harusi nzima, pande zote mbili, pamoja na mpiga picha wao) heri mlisikie kutoka kwangu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mtu wa kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya vita. Tulikaa mtaa wa Buyenzi, mume wangu fundi wa magari, na watoto wetu watatu, Zuhura wa miaka minane, Saidi wa sita na Kibibi wa mitatu, walikuwa hawajawahi kuliona ziwa. Mnacheka? Ziwa lile lile ambalo dagaa wake tunawala karibu kila siku, ambalo mtu wa Buyenzi analifikia kwa miguu bila hata kuchoka, lakini wanangu walikua wakati ambao mtoto hapiti mwisho wa mtaa wake. Walichokijua ni nyumba, madrasa, gereji ya baba yao, na sheria moja niliyowafundisha mimi mwenyewe: nikisema "Chini!" kila mtu alale kifudifudi pale pale alipo, na amvute aliye karibu naye. Milio ya risasi ilikuwa inatoka kule milimani saa yoyote, kwa hiyo tulifanya mazoezi kama timu ya mpira, na niseme ukweli, nilikuwa najivunia. Kazi ya Kibibi, akishalala, ilikuwa kuuliza kama zimeisha, na hakuna aliyeruhusiwa kuinuka mpaka mimi nijibu.

Basi pakatulia kidogo, watu wakaanza kurudi ufukweni, na mimi nikashikwa na hamu ambayo hata usingizi ilininyima. Nilitaka kitu kimoja tu, wanangu waguse maji ya ziwa, na siku hiyo moja wawe watoto kama watoto wengine, wasisikilize milima. Mume wangu akasema twende Jumapili. Mimi nikakataa katakata (na hapa ndipo nilipojichimbia shimo), nikamwambia Jumapili ufukwe umejaa, wanetu wakiona maji yote yale watapiga kelele, tutachekwa, bora Jumamosi ambapo hakuna mtu. Akanikumbusha kuwa Jumamosi ni siku ya harusi. Nikamuuliza tangu lini watu wanaoana majini.

Jumamosi ikafika nikawavalisha nguo za Idi, Zuhura gauni jeupe lenye marinda, Saidi kanzu na kofia yake, Kibibi nikamfunga utepe mwekundu kichwani, nikapika pilau nikaifunga sufuria kwa kitambaa, tukapanda teksi ya rafiki yake mume wangu, mimi moyo unanienda mbio kuliko wa watoto. Tulipotokeza ufukweni wote watatu wakasimama ghafla. Kibibi akajificha nyuma ya miguu yangu. Zuhura akaninong'oneza kwamba linahema. Saidi akaangalia maji mpaka kule yanakoishia, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta mkosaji:

"Mama, ni nani alimwaga?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miaka. Walitaka kukimbilia majini pale pale, nami, kwa umaridadi wangu usio na maana, nikawazuia. Nikasema kwanza tule, ndipo waguse maji, maana nguo za Idi zingelowa kabla hazijaonekana na mtu. (Nilikuwa nimekuja Jumamosi ili tusionekane na mtu, naam, najua.)

Tulikuwa tunatandika mkeka tu, honi zikaanza kulia barabarani, gari moja, jingine, jingine, zote zimefungwa maua, na watu wakashuka wamevaa suti na imvutano, lile vazi la heshima la wanawake wa kwetu, na katikati yao bibi arusi mwenye shela refu. Kumbe wakitoka kanisani wanakuja ziwani kupiga picha! Mume wangu aliniangalia tu. Watoto wawili waliotakiwa kushika pindo la shela walikuwa wanalia garini hawataki kushuka, na mpiga picha, akitupa macho huku na huku, akaona gauni jeupe la Zuhura na kanzu ya Saidi.

"Mama, utuazime hawa watoto kidogo," akaniambia. "Ni ya foto moja tu."

"Mama Zuhura, apana," mume wangu akasema, akinivuta kanga.

Lakini nani angenishika siku ile? Wanangu mimi, wa Buyenzi, washike shela mbele ya harusi kubwa namna ile! Niliwapeleka mwenyewe, nikawapangusa nyuso, nikamkabidhi kila mmoja pembe yake, nikasogea pembeni nimevimba kwa majivuno, nikainama kumrekebishia Kibibi utepe. Kwa hiyo nilikuwa nimempa mgongo mjomba mmoja wa harusi ile aliyekuja na chupa yenye shingo ya karatasi ya dhahabu. Kwetu chupa ikifunguliwa ni soda, inasema tss, basi. Shampeni sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

Paa!

"Chini!" nikapiga ukelele, mdomo umetangulia akili, na nikalala juu ya Kibibi.

Sasa nyinyi fikirieni. Zuhura na Saidi hawajawahi kunikosea kwenye sheria ile hata siku moja, walilala papo hapo, na shela mikononi, na aliyekuwa karibu nao ni bibi arusi, wakamvuta. Bibi arusi akaenda chini. Bwana arusi akamdaka mkono, naye akaenda. Na nyuma yao nusu ya harusi ikalala mchangani, suti, imvutano, vilemba na vyote, kwa sababu katika mji ule kila nyumba ilikuwa na "chini" yake. Mwanajeshi aliyekuwa analinda baa ya jirani tayari yuko nyuma ya meza. Mume wangu ameikumbatia sufuria ya pilau. Aliyebaki wima ni mjomba peke yake, povu linamchuruzika kwenye mikono ya koti.

Nikaona chupa. Nikaelewa. Niliomba ardhi inimeze na ardhi haikunimeza, maana ilikuwa mchanga tupu.

Bibi arusi akajaribu kuinuka. Zuhura akamkandamiza bega, kwa upole lakini kwa nguvu.

"Bado, tantini," akamwambia, kama tunavyowaita kina shangazi. "Mama hajasema."

Na kutoka chini ya kifua changu, Kibibi akauliza kwa sauti yake nyembamba iliyofika kila mahali:

"Mama, zimeisha?"

Watu wote wale walikuwa wananisubiri mimi. Ilinibidi niinue kichwa, mchanga umejaa mdomoni, niitangazie harusi ya watu nisiowajua: "Zimeisha."

Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijipangusa, bila kuangaliana. Shangazi wa bwana arusi akanijia na hasira zake, akaniambia bibi arusi anasubiriwa ukumbini, sherehe lazima iishe mapema kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, na sasa ataingia vipi na gauni lililojaa mchanga? Machozi yalikuwa yananijia, si kwa ajili ya gauni tu, bali kwa sababu nilijua tutafukuzwa pale, na wanangu watarudi Buyenzi hawajagusa maji.

Kumbe bibi arusi alikuwa amekaa pale pale chini, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Muache, tantini," akamwambia shangazi. "Hata mi mama yangu alitufundisha vile."

Nikajitolea kulisuuza pindo la gauni. Bibi arusi akavua viatu, akampa shangazi avishike, akakunja gauni lake mkononi, akawashika Zuhura na Saidi, wakaingia majini wote watatu, nami nyuma yao nasuuza huku nikiomba radhi, wanangu wanapiga mayowe, mayowe ya furaha ambayo sikuwahi kuyasikia kwao. Bwana arusi akakunja suruali akafuata. Kibibi akaingia wa mwisho, ameshika kidole cha bwana arusi, nguo za Idi zimelowa chapa chapa, na sikujali. Mpiga picha alipiga picha mpaka filamu ikamwishia. Pilau yangu iliisha pia, na aliyeomba ya pili ni shangazi. Tulipokuwa tunashuka kwenye teksi nyumbani, mume wangu akasema, "Jumapili tungeoga tu."

Siku chache baadaye, jua likizama, milio ikaanza tena milimani. Kabla sijafungua mdomo Kibibi akaniangalia, macho yanameremeta.

"Mama," akasema, "wanafungua chupa."

Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, harusi kubwa hiyo, lakini chini hata hivyo, na tukalala wote watano kwenye sakafu, wao wanacheka, mimi nimewafunika kwa mikono. Nikaapa pale pale kwamba ziwani nitawarudisha, tena Jumapili, watu wakiwa wamejaa, wacheke wakitaka, na sitawaambia wanangu wangoje kwanza ndipo waguse maji.