Ukurasa wa Chumba Namba Sita

Jumanne, tarehe 20 Novemba 2018. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na kutoka Bwera milima haikuonekana kabisa.

Medius alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika chuo kidogo cha watu binafsi, mwaka wa tisa sasa. Alizaliwa Kyondo, akasoma mpaka kidato cha nne, kisha kwa miaka sita akaandikisha wagonjwa katika zahanati moja ya Kasese. Huko ndiko alikozoea kuandika kila kitu. Kwa hiyo Ebola ilipozidi Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka, chuo kilimkabidhi kipimajoto na daftari, akawa anawapima wasichana kila asubuhi.

Siku hiyo Rachelle wa chumba namba sita, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, alifikisha nyuzijoto thelathini na nane na nusu. Medius akaandika. Akampeleka zahanati, damu ikapimwa, ikaonekana malaria. Hilo nalo akaliandika, mstari wa chini yake. Kisha akaliacha daftari kwenye benchi la barazani, akaenda kumtafutia mgonjwa uji.

Saa saba mchana Tabisa, aliyelala chumba kimoja na Rachelle, alimletea simu. "Mama matroni, soma mwenyewe."

Kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi kulikuwa na picha ya ukurasa wa daftari la Medius. Mstari wa malaria ulikuwa umekatwa. Aliyeituma ni Nobert, kiongozi wa darasa. Chini yake watu walikuwa wamemiminika: "Ebola iko namba sita." "Mliokula naye sahani moja, tutawakumbuka kwa mema." "Mtu wa Butembo arudi Butembo." Na mmoja: "Jioni tunachoma godoro. Akiwa juu yake, shauri yake."

Medius akakimbilia bwenini. Mlango wa namba sita ulikuwa umezuiwa kwa kitanda kutoka ndani. Akabisha.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu."

Kitanda kikaburutwa kidogo. "Mama, banasema batanichoma. Miye niko na malaria tu," alisema Rachelle kwa Kiswahili cha Butembo.

Kwa mkuu wa chuo, Bwana Zedekia, alikuta barua imeshaandikwa: Rachelle arudi kwao mpaka mambo yatulie.

"Ni kwa usalama wake," alisema mkuu.

"Atafika mpakani Mpondwe na homa hii, mwalimu. Watamshika pale pale, na hawa wa huku watasema si tuliwaambia? Hatarudi tena."

"Sasa nifanye nini? Simu ni zao. Grupu si la chuo."

"Lakini wanafunzi ni wa chuo. Aitwe aliyetuma, na walioandika habari ya kuchoma. Na ukurasa ule ni wangu. Niliuacha wazi."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Unajua nikiandika hivyo unaweza kupoteza kazi?"

Medius alijua. Alikuwa na watoto wawili shuleni.

"Andika," alisema.

Kabla ya wanafunzi kukusanywa wasomewe ukurasa ule, alirudi kumwuliza Rachelle kama anakubali ugonjwa wake utajwe.

"Soma yote, mama. Hata jina."

Saa kumi mkuu aliusoma ukurasa mzima mbele ya chuo, mistari yote miwili. Nobert alisimamishwa wiki mbili. Aliyeandika habari ya godoro, simu yake ikachukuliwa na mzazi wake akaitwa. Medius naye akapewa barua ya onyo. Wengine waliinamisha vichwa. Nyuma kabisa mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Malaria ndilo jina la Ebola siku hizi," na kicheko kikapita kwenye safu za wanafunzi. Medius hakumwona ni nani. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote: kwamba anaweza kuwa yeyote kati yao.

Godoro halikuchomwa. Medius alilala chumba namba sita, kwenye mkeka, na kila kishindo cha miguu barazani kilimfanya aketi.

Asubuhi homa ya Rachelle ilikuwa imeshuka, naye akasema ataenda darasani. Medius alimsindikiza. Madawati ya pande zote mbili yalikuwa yamesogezwa mbali na lake. Medius akavuta moja, akaliunganisha na la Rachelle, akaketi. Mwalimu aliingia, akamtazama, akaanza kufundisha. Medius akakaa hapo mpaka kengele ya saa nne.