Sherehe ya makabila iliyotuvunjia home ya mabinti hapa Bunia

Wakuu, salamu toka Bunia.

Hii siyo habari ya kusikia kwa watu. Nilikuwa pale, niliona. Na wenye kufanya ile mambo wangali wazima, wanakula na wanalala vizuri. Nitawataja kwa majina yao.

Kiswahili yangu ni ya huku, na masomo niliishia kwa primaire. Mwenye kutaka kucheka acheke kwanza, kisha asome.

Mimi ni mama ya kuangalia home ya mabinti wa chuo, hapa Ngezi. Home ndiyo tunaita nyumba kwenye wanafunzi wanalala na kupika. Nafunga mulango, nafungua, nagawanya vyumba, napatanisha wenye kugombania makala ya kupikia. Wananiita Maman Régine.

Mabinti wetu wanatoka kila pembe ya Ituri. Munaosikia Ituri kwa radio munaelewa maana yake. Kuna ambaye baba yake aliuawa, na watu wanasema waliomuua ni ndugu za mwenzake wa chumba ya pili.

Makabila sitaandika. Wa huku watajua, wa mbali haitawasaidia kitu.

Sasa, kulikuwa mabinti wawili.

Dorcas ni wa Djugu. Baba yake walimukata na panga mu shamba ya maharagi. Mama na kaka yake wanaishi chini ya mahema, kwa site ya wakimbizi.

Neema ni wa upande ya Aveba. Kabila yake ndiyo ile watu wanataja wakisema nani aliua baba ya Dorcas. Yeye ile siku alikuwa kwa bibi yake anachota maji, hata hakujua kama kuna mutu anaitwa Dorcas.

Niliwaweka chumba moja. Musiniite mwenye hekima, vyumba ilikuwa imejaa ikabaki moja tu.

Mwanzo hawakusalimiana. Mmoja anaingia, mwingine anageukia ukuta. Lakini Neema alikuwa na mbabula, jiko ya makala, hana sufuria. Dorcas alikuwa na sufuria, hana mbabula. Njaa ya chuo munaijua. Wakaanza kupika pamoja.

Hapa nieleze kitu kwa wa mbali. Huku kwetu mwenye kupika anaonja mbele ya watu. Anachota, anakula, wote munamuona anameza, ndipo munyooshe mikono. Ni juu ya kuogopa sumu. Hata mugeni wa heshima, hata mama mukwe, unaonja mbele yake. Siyo matusi. Ni namna ya kusema: kaa, kula, haina neno.

Neema alikuwa anaonja kila siku. Mwanzo Dorcas alikuwa anamuangalia mpaka koo ipande ishuke. Kisha ikageuka kuwa muchezo wao.

Siku moja napita kwa mulango nasikia Dorcas:

"Onja vizuri weye, usiniue mbele ya examen."

"Nikikuua nani ataosha sufuria?"

"Kumbe unanihifadhi sababu ya sufuria."

"Si sufuria ni yako. Nakuhifadhi na sufuria yako."

Wakacheka. Mimi nilirudi kukaa kwa kiti yangu.

Wakuu, tangu vita yetu ya kwanza, ile ndiyo kitu moja niliyoiona inaenda mbele, haikurudi nyuma. Sikuwa naomba Mungu kitu kingine. Nilitaka tu wale wawili wamalize chuo wangali wanakula sufuria moja.

Ndipo akaja Gratien.

Gratien ndiye mukubwa wa mambo ya wanafunzi pale kwetu. Shati nyeupe, mikrofoni anaipenda kuliko mke wake. Alikuja na Madame Solange wa project moja, ametoka mbali na mupango tayari mu kifuko. Walisema home yetu itafanya siku ya diversité. Maana yake, watoto wajue kama wako tofauti na wapendane hivyo hivyo.

Waliniita kwa réunion, mukutano yao, kwa sababu funguo ya kiwanja iko kwangu.

Mupango ilikuwa hivi: kila kabila na hema yake, na pancarte, kibao yenye jina la kabila, na chakula yake, na ngoma yake. Kisha watu watembeleane.

Nikanyoosha mukono. "Chef, hawa watoto wamelala wamechanganyika. Kwa nini tuwatenganishe ili kuwapatanisha?"

Gratien akasema, "Maman Régine, tofauti lazima ionekane. Usipoiona utaiheshimu namna gani?"

"Huku iliisha kuonekana sana."

Wote wakacheka. Madame Solange peke yake hakucheka. Alinigeukia polepole akasema, "Mama, kunyamaza pia kunaua."

Nikaangalia funguo mu mukono yangu.

Lakini niandike ile sikusema pale. Wakati wa vita walituita mu kiwanja ya masomo wakatupanga. Wa kabila hii huku, wa kabila ile kule. Mume wangu alienda kule, hakurudi. Basi. Ndiyo maana nilizikataa pancarte za Gratien.

Nikaomba angalau tupike chungu moja kubwa, wote wachangie. Gratien akauliza, "Na nani atakula chungu ambayo haijulikani nani aliitia mukono?" Hapo, wakuu, nitasema kweli yake: alikuwa na haki. Sijui kama mupango yangu ingefaulu.

Siku ikafika. Mahema yalisimamishwa, pancarte juu, wazazi na ndugu wameitwa. Faustin, kaka ya Dorcas, alitoka site akakaa nyuma ya hema ya kwao.

Binti mmoja ambaye baba ni wa kabila hii na mama ya ile alisimama katikati ya kiwanja na sahani ya ndizi. Akauliza, "Mimi naenda wapi?"

Gratien kwa mikrofoni, "Enda kwa baba yako, mama tulisha mulipia mahari."

Watu wakacheka. Akaenda, hageuki kuangalia upande ya mama yake.

Saa ya kula ikafika. Walisema sasa tutembeleane. Hakuna aliyetikisika. Kila mutu anaangalia viatu vyake.

Mwenye kutoka wa kwanza alikuwa Dorcas. Alipita kiwanja yote na sahani yake mpaka hema ya kina Neema. Nilifikiri moyo yangu itapasuka na furaha. Neema akamujazia sombe, majani ya muhogo, na samaki, kisha akachukua kijiko ili aonje, sawa kila siku.

Gratien akafika mbio. Akamunyanganya kijiko, anacheka, mikrofoni kwa mudomo:

"Hapana, hapana. Leo hakuna kuonja. Kuonja ni alama ya kukosa imani. Leo tunaaminiana."

Madame Solange akapiga makofi. Wenye simu wakafilmer.

Dorcas amesimama na sahani. Nyuma yake Faustin alikuwa amefika. Hakupandisha sauti.

"Dorcas. Wamemukataza kuonja. Umeona mwenyewe."

"Yaya Faustin, ni muchezo ya chef tu."

"Baba naye alikuwa na marafiki kule."

Neema akanyoosha mukono. "Chef, nipe kijiko yangu."

"Imani, dada, imani," Gratien anasema, anaificha kijiko mugongoni sawa mutoto.

Dorcas akaweka sahani kwa meza. Polepole, kama mutu anayerudisha kitu ya wenyewe. Akageuka.

Neema akaingiza vidole mu ile sahani akala mbele ya wote, akameza. Lakini Dorcas alikuwa amekwisha kumupa mugongo. Hakuona.

Kisha yake kila hema ikakula chakula yake. Musiki ikaendelea.

Faustin alikuja kuchukua godoro ya dada yake. Nikamuomba amuache abaki. Akaniambia, "Maman, mimi sikatai chuo. Nakataa ile chumba." Chumba ingine sikuwa nayo. Dorcas iko kwa site sasa. Nasikia kwa auditoire, kule wanasomea, hafiki tena.

Neema amebaki na mbabula. Sufuria alinunua kadogo, ya mutu mmoja.

Wengine wakaanza kuja kwangu kuomba kubadilisha vyumba. Nikakataa. Wakaenda kwa Gratien, akawaruhusu, eti ni uhuru yao. Sasa kuluwari, njia ya vyumba, ya kushoto ni ya hawa, ya kuume ni ya wale.

Kwa réunion ya mwisho Gratien alisema siku yetu ilifaulu, watu walikuja wengi. Mwaka kesho atazidisha mahema.

Basi wenye makosa ni hawa. Gratien, kwa mudomo yake. Madame Solange, kwa kuleta mupango iliyokatwa sawa nguo kwa mwili ya wengine, kisha akapanda ndege. Faustin naye namulaumu, lakini namufahamu. Ingekuwa dada yangu, ningesema neno ile ile.

Funzo ni hii: usiondoe kwa watu kakitu kadogo kanachowafanya wathubutu kula pamoja, hata kama kwako kananuka woga. Kale ndiko kaliwashika.

Juzi alikuja binti mupya, begi kwa kichwa. Hakuuliza choo, hakuuliza maji. Aliuliza, "Maman, upande ya kwetu ni wapi?" na akataja kabila yake.

Nikamuonyesha na kidole.

Wenye mulifanya siku kama hii kwenu na watu wakabaki pamoja, niandikieni hapa chini mulifanya namna gani. Kama munaniona nimekosea, semeni pia, sitakasirika. Lakini salamu za pole mubaki nazo. Nilisha pokea mingi.