Kisu Ambacho Sikukipima

Siku yangu ya kwanza kazini Masisi, nikiwa na shahada ya uzamili ya umekanika, nilikabidhiwa mashine ambayo haikuwapo. Sakafuni palikuwa na meza yake ya chuma tu.

"Ingine iko kwa watu," alisema Shefu wa atelie, yaani mkuu wa karakana.

Walipokimbia vita, kila fundi alibeba kipande kimoja cha randa ya umeme, ili atakayevunja mlango asipate mashine nzima. Sasa walikuwa wakivirudisha: ngoma ya visu kutoka Shasha, mota kutoka Kirotshe. Shule ilikuwa ikingoja madawati.

Wa mwisho alikuwa Papa Bahati, aliyetoka Walikale na kisu kimoja ndani ya kitenge.

"Bibi yangu alikuwa anaisikilia wivu hii kisu," alisema kuhusu mkewe. Tukacheka.

Ngoma ya randa hubeba visu viwili, kila kimoja kikibanwa na kabari, yaani kipande cha chuma kinachokazwa kwa boliti. Visu hivyo lazima vilingane uzito na upana. Nilijua. Niliona pia kuwa kisu chake kiling'aa mno, kama kilichonolewa mara nyingi. Lakini huko, kitu kilichorudishwa na mtunzaji hakipimwi. Kukipima ni kumwita mwizi. Je, nikipime akiondoka? Hiyo nayo si ingekuwa kumsengenya kwa mizani? Niliwaza siku nzima, kisha nikasawazisha makali tu, hadi tofauti ikawa chini ya unene wa karatasi, nikajiridhisha.

"Injenieri, mashine haisomake, inakula mbao!" Shefu alinitania. "Washa!"

Papa Bahati aliomba heshima ya kusukuma ubao wa kwanza. Ngoma ilinguruma, meza ikatetemeka, kofia yake ikaanguka. Aliinama kuiokota. Kilisikika kishindo kimoja. Nilipozima, kisu chake kilikuwa kimezama katika nguzo iliyokuwa nyuma yake.

Nilikichomoa, nikakipima. Kisu kilikuwa kimepungua upana. Kabari ilikishika ukingoni tu. Kule kusawazisha makali, nilikojivunia, ndiko kulikoficha kasoro.

"Nilichonga nayo vinu kule pori," Papa Bahati alisema, macho yakiwa kwenye nguzo. "Nainoa, nachonga, nainoa tena. Mbona haukuniuliza?"

"Niliogopa kukuaibisha, Papa."

"Aibu haikatake muntu shingo, Injenieri."

Tulipata jozi mpya, tukaipima mbele ya wote. Yeye ndiye aliyeshika mizani. Madawati yakatoka. Tangu hapo, miaka yote ya kazi, sikufunga kisu bila kuuliza kilikopita.

Siku niliyostaafu, Papa Bahati alinikuta nikilitazama lile tundu la nguzo. Aliegemea hapo, akajinyoosha kadiri mgongo wake wa kizee ulivyomruhusu.

"Basi leo unipime," alisema.

Nilitazama. Tundu halikuonekana tena. Shingo yake ilikuwa imelifunika.