Jiko la Mkaguzi

Mama mkubwa hakuwahi kufunua sufuria bila kubisha hodi. Aligonga kifuniko kwa kiungo cha kidole, akangoja kidogo huku kichwa kimeinama upande, ndipo akafunua. Alifanya hivyo kwa wali, kwa maharage, hata kwa maji ya kuoga. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kuna nani humo ndani.

"Kwani wewe ukiwa bafuni," akasema, "unapenda watu wakufungulie tu mlango?"

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na kazi yake ilikuwa ufundi cherehani. Chumba cha mbele alishonea sare za shule, chumba cha nyuma kilikuwa jiko, na katikati palikuwa na pazia tu. Ndiyo maana nusu ya watoto wa mtaa ule walienda shule wakinukia vitunguu, na walimu hawakujua wamlaumu nani.

Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, na katika nyingi kati ya hizo nimeketi nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kuieleza, mpaka nilipotambua kwamba kilichonikosesha raha ni wingi wa vyombo. Yeye alikuwa na sufuria tatu zisizo na mishikio, alizoziepua kwa vipande vya kitambaa cha sare. Alikuwa na mwiko uliolika upande mmoja, maana alikoroga kuelekea upande uleule maisha yake yote, na kisu kimoja alichokinoa kwenye kizingiti cha saruji mpaka kikabaki chembamba kama unyasi. Mwanawe, ambaye mimi namwita kaka, alimletea sufuria ya presha alipopata mshahara wake wa kwanza. Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akamwombea kijana baraka ndefu, kisha akaigeuza kapu la kuwekea vitunguu.

"Chombo kinachopiga mluzi jikoni ni askari," aliniambia kijana alipoondoka. "Na mimi sijaiba kitu."

Alikuwa bahili. Mwenyewe alisema ni mpangilio. Kigogo cha kabichi alikikata vipande vyembamba kikawa mboga ya kesho, maganda ya viazi aliyakaanga yakawa kitafunwa, na maji yaliyochemshiwa karoti yalisubiri supu. Ndoo ya taka ndani ya nyumba ile ilikuwa na njaa kuliko mtu yeyote. Hata kuonja hakuonja. Kwake yeye mpishi anayeonja alikuwa mtu anayekula kabla ya wenzake na kusingizia kazi.

Sokoni alienda jioni, wachuuzi wanapoanza kukunja maturubai na akili zao zimeshafika nyumbani. Walimwita Mkaguzi. Alibonyeza nyanya kwa dole gumba, akapima kitunguu kiganjani, akanusa karoti kama mtu anayetafuta aliyeiba marashi yake.

"Mkaguzi kafika," mchuuzi wa nyanya alisema siku moja. "Ficheni zilizooza."

"Ukizificha hizo utauza nini?"

"Mama, hizi zimechumwa leo."

"Leo ya mwaka gani?"

Waliendelea hivyo, na nyanya zikaingia kapuni na mbili tatu za nyongeza, na mchuuzi akabaki anacheka peke yake. Nadhani alimngoja kila jioni. Kuna watu ambao matusi yao ni aina ya kukaribishwa, na wanapofariki mtaa mzima unajikuta una adabu usiyoihitaji.

Baadaye aliacha kushona. Tulipomuuliza sababu, alisema siku hizi watu wananunua suruali zilizochanika tangu dukani, sasa yeye ashone nini. Tulicheka, na kwa kuwa tulicheka hakuna aliyeuliza tena.

Mimi nilijua ukweli kwa sababu ya gunia. Mchuuzi wa viazi alikuwa ameenda kunywa chai. Alikuwa ameacha koti lake juu ya gunia lililosimama, na juu ya koti ameweka kofia. Mama mkubwa alifika pale mbele yangu kidogo, akasalimu, akauliza bei ya fungu. Gunia halikujibu. Akataja bei yake. Gunia likanyamaza. Akalalamika kwamba viazi vya wiki iliyopita vilikuwa na macho mengi kuliko mkutano, kisha akapandisha kidogo. Kimya. Akapandisha tena, sauti imeanza kulegea. Sijawahi kumwona akishindwa bei na mtu yeyote, na hapo alikuwa anashindwa na gunia.

Nilimshika kiwiko. Wakati huohuo mchuuzi akarudi na kikombe mkononi, akasimama, akatazama koti lake, akamtazama mama mkubwa.

"Huyu mwenzako," mama mkubwa akamwambia, "ana msimamo kuliko wewe. Mwachie biashara."

Mchuuzi akaangua kicheko, na viazi tukavipata karibu bure. Njiani kurudi aliuacha mkono wake kwenye kiwiko changu mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hofu yake haikuwa giza. Hofu yake ilikuwa kaka. Kaka alikuwa mhasibu wa kiwanda cha magodoro, mtu mpole mwenye nyumba kubwa, na kwa muda mrefu alikuwa anataka mama yake akaishi kwake. Kwake kulikuwa na binti wa kupika, na bibi aliyeletwa pale angekaa kwenye kochi. Mama mkubwa alilizungumzia kochi lile kama watu wengine wanavyozungumzia kaburi, tofauti ni kwamba kaburini, alisema, angalau hawakuletei mto wa kuegemea.

Alipounguza mkono wa gauni lake kwenye moto na mtaa ukapiga simu, kaka alikuja akiwa amekunja uso. Walikubaliana hivi: Jumapili familia yote ingekuja kula kwa mama mkubwa. Angepika peke yake, bila mtu kugusa kitu. Mambo yakienda sawa, kaka asingeitaja tena habari ya kuhama. Yasipokwenda sawa, angefunga mizigo.

Hapa lazima niyaeleze makopo. Kopo lililoandikwa chumvi lilikuwa na sukari, na lililoandikwa sukari lilikuwa na chumvi. Aliyapanga hivyo miaka mingi nyuma kwa ajili ya wajukuu waliokuja likizo na kulamba sukari kwa kijiko. Mwizi alijitibu mwenyewe kwa kijiko kimoja, hakuna aliyepaza sauti. Wajukuu walikuwa wakubwa sasa na wengine wana ndevu, lakini makopo yalibaki yalivyo, na mkono wake ulikuwa unayajua.

Mke wa kaka, wifi yangu, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa. Alimpenda sana mama mkwe wake na alikuwa anamwogopa kidogo, kama sisi wote. Siku ya Jumamosi alipita kumfagilia nyumba, mama mkubwa akiwa sokoni na mimi. Akafungua kopo la chumvi akakuta sukari. Mtu mwingine angecheka. Lakini wifi amekaa miaka mbele ya rafu ambako kitu kikiwa ndani ya chupa isiyo yake mtu anaweza kufa. Alibadilisha vilivyomo, akafuta makopo yakang'aa, akayarudisha palepale yalipokuwa, na akaenda zake akijisikia ametenda wema. Hakutwambia. Kwake halikuwa jambo la kusema, kama vile hutangazi kwamba umefunga bomba lililokuwa linavuja.

Jumapili tulikaa mezani sote. Mama mkubwa alipakua mwenyewe, maharage na wali, na chai ya kushushia. Mkono wake haukutikisika na hakuna tone lililomwagika. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, na uso wake ulikuwa na kile kiburi ambacho mtu huwa nacho akijua anatazamwa na anafaulu.

Kaka alitia kijiko kinywani. Akatafuna taratibu. Akanywa chai ili kuteremshia, na macho yakamtoka.

"Mama," alisema, "haya maharage yana utamu."

"Ndiyo yanavyotakiwa."

"Utamu wa sukari, mama. Na chai ni ya bahari."

Mama mkubwa akachukua kijiko chake, akaonja, labda kwa mara ya kwanza maishani. Nikaona anaelewa.

"Nani kashika makopo yangu?"

"Ni mimi, mama," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuta chumvi kwenye kopo la sukari."

"Na chumvi ilikuambia imepotea njia?"

Wajukuu walicheka, mimi nilicheka, hata wifi alicheka huku machozi yanamlenga. Kwa dakika hiyo nilidhani ameshinda. Kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekiri. Lakini kaka alikuwa mtu wa hesabu, na hakucheka.

"Ila mama," alisema, polepole kabisa, "sukari yako hii ni ya kahawia. Chumvi ni nyeupe. Ungefungua kopo tu ungeona."

Hakuna aliyemtega. Ndicho kilichoniuma, kwamba kaka alikuwa anafikiri kwa sauti, na sentensi ilipomtoka ndipo na yeye alipoisikia. Mama mkubwa alipapasa meza akapata kikombe chake.

"Nilikuwa na haraka," alisema.

Alikuwa ameanza kupika tangu asubuhi.

"Basi," akasema baadaye. "Chakula kimeshapikwa. Kuleni."

Tukala maharage ya sukari mpaka sahani zikawa nyeupe. Hakuna aliyethubutu kubakiza.

Alihamia kwa kaka kabla mwezi haujaisha. Jiko la kule lilikuwa la kioo, laini kote, moto umefichwa chini na vitufe havishikiki, na alikatazwa kulikaribia. Sufuria zake tatu ziliwekwa stoo. Akaketishwa kwenye kochi, na mto akaletewa.

Wifi alinipigia simu akiwa kazini, ananong'ona.

"Wifi, mama kaniambia mchuzi wangu mtamu."

"Si jambo jema hilo?"

"Juzi alisema wali umeiva vizuri. Jana akashukuru kwa chai. Leo mchuzi." Akavuta pumzi. "Wifi, mama anaumwa."

Nilienda. Nilimkuta amekaa ameweka mikono mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nikamuuliza anaendeleaje.

"Naendelea vizuri. Wananitunza sana."

"Mama mkubwa, mchuzi wa wifi ni maji na rangi. Unajua."

"Najua." Akatabasamu kidogo, akielekeza uso pale alipodhani nipo. "Lakini mimi ni mgeni, mwanangu. Mwenye kupika ndiye ana haki ya kutukana chakula. Mgeni anashukuru."

Nilimwambia wifi maneno hayo jikoni, na yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisha akasema mama atapewa jiko lake mwenyewe apike. Aliyefuata kusema alikuwa kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Sikubali," alisema. "Akiungua je?"

"Akiungua nitampaka dawa," wifi akamjibu. "Ninayo dukani, tena nzuri. Dawa ya kushukuru-shukuru huku sina."

Wiki hiyohiyo alinunua jiko dogo la gesi la kuwasha kwa kuzungusha, akalifunga kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya jiko lake, kwenye meza ya saruji isiyotikisika. Akatoa sufuria stoo. Kisha alijaza makopo mawili jinsi mama mkubwa alivyoyazoea, chumvi kwenye la sukari, sukari kwenye la chumvi, akijiona kama mtu anayechanganya sumu. Tangu siku hiyo kila aliyeingia nyumba ile kwa mara ya kwanza alikunywa chai mbaya, na wifi hakuomba radhi.

Mama mkubwa alipika pale nyuma mpaka alipofariki. Aliungua mara kadhaa, akapakwa dawa, akaipiga marufuku dawa yenyewe kwa harufu yake. Siku ya kwanza alipopika aliomba pia aletewe supu ya wifi. Akainywa kijiko kimoja, akauliza kama ni supu au ni maji yaliyosuuzia kikombe. Wifi alinipigia simu hapohapo. Sikuelewa nusu ya alichosema kwa jinsi alivyokuwa anacheka.

Kifo chake kilikuja usingizini, siku chache baada ya mimi kumtembelea. Siku hiyo nilimkuta anabandika maji ya ugali wa mchana. Nilisimama mlangoni nikitazama kidole chake kinavyozunguka ukingo wa sufuria kutafuta maji yamefika wapi, na moto ulivyokuwa karibu na mkono wa gauni. Nadhani nilikuwa nimeacha kupumua. Hakugeuka.

"Hebu nenda ukakae sebuleni," alisema. "Ukinisimamia hivyo, hata maji yanaona aibu kuchemka."