Farasi Aliyesimama kwa Salamu

Bosi alinikabidhi farasi dume wa miaka mitatu kwa sharti moja. "Akikubali tandiko atabaki dume, tumtafutie majike. Akileta ukorofi, namhasi." Shamba lake liko nje kidogo ya Makambako, upande wa Mahongole. Mimi nilitaka abaki dume. Nilikuwa nimemwona akizaliwa.

Nilimfundisha kwa hatua. Kwanza kamba ndefu tu, azunguke ndani ya uzio. Kisha gunia tupu mgongoni, kisha tandiko lisilokazwa, kisha mkanda wa tumboni, nikiukaza tundu moja kila siku. Nilipoanza kumlalia mgongoni kama mzigo, ngozi yake yote ilitetemeka. Ili kumtuliza nilimwambia neno lililokuwa karibu mdomoni: "Kamwene." Kwetu ndiyo salamu, asubuhi hadi jioni. Akisimama namkuna shingo. Akisogea nashuka, naanza upya.

Mkamuaji wa ng'ombe aliegemea uzio akinicheka.

"Kaka, unamsalimia mnyama kutwa nzima. Amewahi kuitikia?"

"Akiitikia nitakuita uwe shahidi."

"Usiniite mimi, muite mchungaji wa kanisani aje kukemea pepo."

Baada ya miezi mitatu nilimpanda. Alikwenda polepole, akaenda mbio ndogo, akageuka kwa kuguswa hatamu tu. Nikisema lile neno moja anasimama kama nguzo. Nilijivuna sana, wala sikuwahi kumtoa nje ya uzio.

Jumamosi moja bosi alikuja na wageni, akampanda mwenyewe, akatoka naye getini hadi barabara ya vumbi. Nilikimbia nyuma yao. Farasi alikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya viazi kichwani akasogea pembeni, akamwamkia mwenye shamba kwa heshima.

"Kamwene, baba!"

Farasi akasimama palepale. Bosi hakusimama. Alipita juu ya shingo, akaangukia mtaroni. Wageni wakacheka, na nadhani kicheko kile kilimuuma kuliko kuanguka.

"Jamani, nimesema nini?" mama akauliza.

Bosi alijipangusa. "Umeona kiburi hicho? Ameniangusha makusudi."

Nilipaswa kusema: farasi hana kosa, neno hilo nimemfundisha mimi, nipe mwezi mmoja nimbadilishie. Lakini kusema vile mbele ya wageni kungekuwa kuomba kufukuzwa, na kazi ya farasi huipati mara mbili Njombe nzima.

"Ndiyo, bosi," nikasema.

Alhamisi iliyofuata alikuja daktari wa mifugo kutoka Njombe mjini, kumhasi. Kamba niliishika mimi. Farasi hakupiga teke, hakuvuta. Daktari alisimama na sindano mkononi, bado hajamchoma, akanitazama.

"Mbona mpole hivi? Nimeambiwa ni mkorofi."

Bosi alikuwa kando yetu, akisubiri nijibu.

"Kuna siku na siku, daktari," nikasema, nikaikaza kamba.