Gamba la Birika la Mama

Nianze kwa kukiri: birika la mama yangu nililitoboa mimi, kwa mikono yangu hii, kwa ndimu nane na waya wa kusugulia sufuria. Tena nililitoboa huku naimba.

Mama alikuja kukaa kwetu mjini, Mwisenge, baada ya kanga yake kushika moto. Alikuwa peke yake kule kijijini Mugeta, anapika, pindo likaingia kwenye mafiga, naye hakuuona moto mpaka aliposikia mguu unaungua. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alituambia kilichokwishapotea hakirudi, hicho kidogo kilichobaki tukilinde kwa dawa ya matone. Mtoto wake aliye hai ni mimi tu. Nikamfuata, nikafunga nguo zake kwenye begi moja, nikamwambia twende. Akasema anakuja kwa muda, mguu ukipona anarudi kwake. Halafu akaenda kupapasa jikoni, akatoka na birika.

"Na hili," akasema.

"Mama, mjini mabirika yapo."

"Na hili."

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua ile safari ilikuwa ngumu kiasi gani. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawali pamoja, hawapeani mikono, wakikutana njiani mmoja anatoka pembeni kumpisha mwenzake. Sasa mama mzima aende kulala chini ya bati la mkwe, ale ugali wa mkwe? Mugeta walisema. Walisema mpaka wakachoka. Mume wangu ni mtu wa Butiama, amelelewa kwa heshima hizohizo, na kwa miaka kumi na minne ya ndoa yetu sidhani kama alikuwa amemtazama mama usoni zaidi ya mara mbili. Tukapanga: mama akachukua chumba cha uani, pembeni ya jiko. Mume wangu akitaka kupita uani anakohoa kwanza. Mama akisikia kikohozi, anaingia chumbani. Nilikuwa na mume anayekohoa kama mgonjwa wa kifua, jamani, na kifua chake kizima kabisa.

Lile birika, kusema ukweli, lilikuwa linanitia aibu. La aluminiamu, kubwa, limebonyea ubavuni. Kishikio cha kifuniko kilishapotea, mahali pake kuna kipande cha gunzi kilichofungwa kwa waya. Nje lilikuwa jeusi. Ndani ndiyo usiseme. Maji ya kisima cha Mugeta yana chumvi, na chumvi ile ilishikana na rangi ya chai miaka na miaka mpaka ikafanya gamba la kahawia, nene kama ukucha wa dole gumba. Mama hakuwahi kulisugua ndani. Alikuwa analisuuzaga kwa maji tu, basi.

Lakini kwa birika hilo alipika chai bila macho. Maji aliyapima kwa uzito wa mkono. Majani alitia kwa vidole vitatu, tangawizi aliiponda, maziwa alimimina akihesabu kimoyomoyo. Halafu anakaa kwenye kigoda, ameinamisha sikio. Aliwahi kunieleza kwamba maji yanaanza kwa kunong'ona, yanafuata kugombana, halafu kabla ya kuchemka yananyamaza kidogo. Akisikia kile kimya, mkono uko tayari kwenye kifuniko. Sikuwahi kuona limemfurikia.

Jiko letu limepakana na sebule, na ukutani kuna matofali ya matundu ya kupitisha hewa. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea mume wangu kikombe. Akanywa funda moja, akaugeukia ule ukuta, akapaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya mto:

"Mama watoto! Chai ya leo nani kaipika? Imekubali!"

Anajua fika nani kaipika. Upande wa pili nikamsikia mama anacheka ndani ya kanga.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Tangawizi ikizidi, mume wangu anauambia ukuta, "Leo imepiga ngumi." Kesho yake mama anapunguza. Maziwa yakiwa mengi anasema, "Leo tumekunywa ng'ombe mzima." Mama anafurahi siku nzima. Mimi kazi yangu kubeba vikombe, na wala sikuwaza kwamba wale watu wawili walikuwa wanaongea. Nilichokiona mimi ni mama asiyeona, amekaa na kanga yake karibu na moto wa mkaa. Kila asubuhi roho yangu ilikuwa juu.

Basi nikaenda kununua jagi la umeme. Nilichagua kwa makini, msidhani. La plastiki nililifungua nikanusa ndani, likanuka kiatu kipya, nikaliacha. Nikachukua la chuma, lenye kifuniko kinachofunga kabisa, na swichi inayoruka yenyewe maji yakichemka. Nikamshikisha mama.

"Unabonyeza hapa. Likichemka linajizima."

Akaligonga kwa ukucha. "Linasemaje likichemka?"

"Halisemi, mama. Linajizima tu."

"Mh," akasema.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, maana sikumwambia jagi lile ni la maji matupu. Kwetu chai inachemkia pamoja, maji, majani na maziwa, chombo kimoja. Asubuhi mama akatia vyote, akabonyeza. Mimi napiga mswaki. Nikasikia paa! Umeme ukazima nyumba nzima. Nikakimbilia jikoni, povu mdomoni: maziwa yameshuka mpaka kwenye kikalio chake chenye waya wa umeme, harufu ya kuungua kila mahali, na mama amesimama mikono mbele, hajui ashike wapi.

Mdomo wangu hauna breki, hilo sikatai. Nikasema, "Mama, unataka kutuua? Kitu cha kubonyeza tu kinakushinda? Si ukae tu!"

Akakaa. Siku hiyo mume wangu alitoka bila chai, na ukuta haukuambiwa neno.

Niliposafisha lile jagi, maziwa yalikuwa yameganda chini, meusi. Nikakamulia ndimu na maji ya moto, nikaliacha mpaka jioni, uchafu ukabanduka wenyewe. Ndipo nikapata wazo langu la kijinga. Mimi kuomba msamaha kwa mdomo nilikuwaga siwezi. Nikaona nitaomba kwa mikono: nitamrudishia birika lake jipya linang'aa, apike chai yake, mimi nikae karibu nimwangalie.

Jumapili mama akaenda kanisani na jirani. Nikajaza birika maji, nikakamulia ndimu nane, nikalichemsha. Lile gamba likaanza kupasuka vipande vipande. Nikaingiza mkono na waya, nikasugua, huku naimba nyimbo za kwaya zote ninazozijua. Nje nikapiga majivu na mchanga. Ndani kukawa kweupe, nikajiona. Mama aliporudi nikamwekea mkononi.

Akalipandisha kidogo, akalishusha. "Mbona jepesi?"

Akaingiza vidole ndani, akapapasa chini taratibu. Akaacha kupapasa. Akatia maji, akaliweka jikoni, akainamisha sikio. Na mimi nikasikia: tss. Tss. Matone yanadondokea mkaa.

"Lilitobokaga zamani," akasema. "Wewe uko darasa la tatu. Likawa linavuja, nikavumilia, chumvi ikaziba yenyewe. Hilo gamba ndilo lilikuwa kitako, mwanangu."

Afadhali angenifokea. Aliliondoa birika jikoni, akaliinamisha ukutani, akakaa kwenye kigoda chake mikono mapajani.

"Mguu umepona," akasema. "Jumamosi nipeleke nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Ukapike na nani, mama? Uungue tena?"

"Na huku nakaa nafanya nini? Nilikuwa nampikia chai mwenye mji." Hivyo ndivyo alivyomwita mume wangu. "Nikishampikia, ugali wake naula bila aibu. Sasa nile kwa mkwe, bure, nimekaa tu?"

Nimekaa tu. Maneno yangu mwenyewe. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikalia. Niliporudi, begi lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni pa chumba chake.

Mafundi wawili wa pale mjini waliniambia nilitupe, bati limeisha. Nikamweleza mume wangu yote, hata lile la kufoka, ingawa alilisikia mwenyewe. Hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja, "Liko wapi?" Ijumaa alikuwa na safari ya Bunda kufuata mzigo wa duka lake, akaondoka na birika limefungwa kwenye gazeti. Kule yuko fundi mmoja mzee, nyuma ya msikiti, ndiye anayewatilia mama lishe vitako vya masufuria. Anakata kitako chote cha zamani, anakunja kipya kwenye ukingo, anagonga mpaka kinashika. Akamwambia mume wangu aache, arudi wiki ijayo. Mume wangu akavuta kiti akakaa. Aliniambia baadaye alichomjibu: "Siwezi kuondoka bila hilo, mzee wangu. Ni birika la mama yangu."

Jua halijazama, nikasikia kikohozi uani. Mama akanyanyuka kuingia chumbani kama kawaida. Mume wangu akaliweka birika kwenye kizingiti cha jiko, akarudi nyuma hatua kadhaa, akageuka akaupa mlango mgongo. Mama akasita. Akarudi, akainama, akapapasa. Vidole vikazunguka ukingo mpya wote, vikapanda mpaka kwenye kile kipande cha gunzi. Fundi hakukitoa. Mume wangu akaenda zake.

Jumamosi asubuhi niliamka begi liko palepale mlangoni. Mama yuko jikoni, ameinamisha sikio. Kitako kipya kilikuwa kinene, nacho hakinong'oni kama cha zamani. Nilimwona anasubiri kile kimya, hakiji, anashika kifuniko, anaachia. Mwishowe akaipua kwa kubahatisha. Nikaionja nikiwa njiani. Jamani. Mbichi, halafu inanuka bati.

Nikampa mume wangu, nikabaki nimesimama na sinia, namkazia macho: ole wako. Akanywa. Akanywa tena. Akaugeukia ukuta.

"Mama watoto! Chai ya leo mbovu!"

Nilitaka kumpiga na sinia. Nikahesabu moyoni, nikajua sasa tumemaliza. Halafu nikasikia kicheko, si kile cha ndani ya kanga, kicheko cha wazi. Na sauti ya mama ikapita kwenye yale matundu, mara ya kwanza tangu niolewe:

"Mwambie mwenye mji kitako kipya kina ukaidi. Kinataka gamba. Na maji yenu haya ya ziwa hayana chumvi, litachukua hata mwaka."

Mume wangu akaweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuona haya mimi kumwona.

"Mwambie mama," akauambia ukuta, "tutakunywa hivyohivyo."

Nikapita uani, nikachukua lile begi, nikaliingiza chumbani, nikaanza kutoa kanga moja moja na kuzitundika. Dirishani nilimwona mama anasuuza birika, kwa maji tu.

"Na wewe," akaniambia bila kugeuka, "huo waya wako ukae nao mbali."