Mjerumani Hachori Duara Bure

Ilikuwa saa nne kamili asubuhi. Sina shaka na saa hiyo, kwa sababu kengele ya mapumziko ililia shuleni ng'ambo ya bonde, nami nilikuwa shambani kwetu Makere, napalilia maharage badala ya kuwa darasani. Jembe liligonga jiwe la chokaa. Nilipolisugua kwa kanga nikaona duara ndani ya duara, jembamba na safi, kama kitunguu kilichokatwa katikati.

Nililipenda hapo hapo. Balaa lilianza nilipolifikisha nyumbani.

Baba alikuwa ametoka kuuza dume la ng'ombe ili anunue mabati. Nyumba yetu iliezekwa kwa nyasi, na mvua ikinyesha mama alilala na sufuria ubavuni. Fedha zilikuwa mfukoni mwa koti la baba, zikisubiri safari ya Kasulu.

Mdogo wake baba aliligeuza lile jiwe kwa uzito wa hakimu. Kwetu kila mtu mzima anajua kwamba Mjerumani alipokimbia vita alizika mali na kuacha alama juu yake. Hakuna aliyewahi kuiona mali hiyo, na hilo ndilo linalothibitisha kwamba imefichwa vizuri.

"Kaka, Mjerumani hachori duara bure," baba mdogo alisema.

"Basi mwambieni huyo Mjerumani aje akinge maji kitandani kwangu," mama akajibu.

Hakusikilizwa. Kutoka Kibondo akaletwa mtaalamu mwenye kipimo, yaani redio bubu iliyozungushiwa waya na kuongezewa antena. Alidai malipo ya kuanzia, kitambaa cheupe, na jogoo mweusi wa kuwatuliza majini wanaolinda mali. Majini walitulia, nyama akala yeye. Kisha akaamuru jiwe lipasuliwe, kwani huenda ramani imo ndani. Lilipasuka vipande viwili. Ramani haikuwemo, yalikuwemo maduara yale yale, yakiendelea hadi katikati. Wakubwa wakalitupa uani. Niliviokota vipande vyote viwili, na hadi leo ndivyo vya kwanza katika mkusanyiko wangu.

Walichimba wiki nzima katikati ya maharage, vibarua wakilipwa fedha mchana na pombe ya ndizi jioni. Shimo lilipompita baba kimo, mtaalamu akafunga mkoba.

"Mali imesogea," alitangaza. "Nyumba hii ina mwanamke mwenye manung'uniko."

"Na mabati yangu, yamesogea kwenda wapi?" mama aliuliza.

Mtaalamu alikuwa ameshapanda baiskeli.

Miaka mingi baadaye, nikiuza madaftari Kasulu mjini, mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine aliniazima kitabu cha miamba. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi. Maduara yale yalijengwa na vijidudu vya majini, utando juu ya utando, kabla dunia haijapata samaki hata mmoja. Yaani ni visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Tangu hapo nimeokota mawe ya namna hiyo na ya namna nyingine kuanzia Kasulu hadi Kibondo, na kila moja nimeliandika namba kwa rangi nyeupe. Bodaboda hunitoza kana kwamba nimebeba mahindi. Wateja huuliza kilo shilingi ngapi. Baba mdogo, ambaye sasa anatembelea fimbo, huuliza swali moja tu kwa kila jiwe jipya: kama nilichimba chini yake.

Nilimweleza taratibu kwamba jiwe lile lilikuwepo kabla ya Mjerumani, kabla ya sisi Waha, kabla ya mfupa wowote.

"Kwa hiyo alilikuta," akasema, akiridhika kabisa. "Akaona panafaa kuweka alama."

Mabati yalikuja baada ya misimu mitatu ya mvua, na aliyeyanunua ni mama, kwa maharage yake. Hasara nimeijumlisha pamoja naye: mtaalamu, kitambaa, jogoo, vibarua, pombe, na mazao yaliyofukuliwa. Shilingi elfu thelathini na nane na mia nne, za wakati ule.